Fimbo Huvunja Mfupa, Haivunji Tabia: Historia ya Kutuliza Darasa katika Shule za Msingi za Rwanda

Utangulizi

Katika wiki ya pili ya mazoezi yangu ya kufundisha nilimchapa mtoto. Ilikuwa katika shule moja ya msingi wilayani Rubavu, darasa la nne, zamu ya mchana. Wanafunzi walizidi sitini, wamebanana wanne wanne kwenye madawati, na mimi nilikuwa nikieleza sehemu za namba kwa Kiingereza. Kule nyuma mvulana mmoja alikuwa akimnong'oneza jirani yake bila kukoma. Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu nilichukua kijiti ambacho mwalimu mwenye darasa alikuwa ameniachia mezani, nikampiga viganjani mara mbili. Darasa zima likanyamaza, nami nikaendelea na somo nikiwa na fahari kidogo.

Kipindi kilipokwisha nilimwuliza msichana wa dawati la mbele yao ni maneno gani yaliyokuwa matamu kiasi kile. Akanijibu, "Mwalimu, alikuwa anamfafanulia ulichosema. Yule mwenzake wametoka naye Goma, Kiingereza bado hajakijua." Kumbe kelele nilizoziadhibu zilikuwa tafsiri kwa Kiswahili, lugha ninayoisomea leo hapa chuoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo kwa kweli ni la kihistoria: kijiti kile kilifikaje mezani? Mwalimu mwenye darasa alikikuta kwa walimu wake, nao walikikuta kwa walimu wao. Wengi wetu tukiulizwa husema ni mila, kwamba Mwafrika ndivyo alivyolelewa. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Fimbo ya shuleni nchini Rwanda ina umri wake na njia iliyopitia, na imedumu kwa sababu hali zilizoileta, yaani umati wa watoto, mwalimu mmoja na lugha ya kigeni, hazijaondoka. Kama hoja hii ni ya kweli, basi sheria peke yake haiwezi kuiondoa.

Malezi kabla ya shule

Mnyarwanda husema "Uburere buruta ubuvuke", malezi hupita kuzaliwa. Neno uburere linatokana na kitenzi kurera, ambacho ni ndugu wa damu wa kulea kwetu katika Kiswahili. Kabla ya mwaka 1900 malezi hayo hayakuwa na jengo lake. Mtoto alifunzwa na mama, nyanya, shangazi na baba, huku akichunga ndama, akiteka maji au akibeba mdogo wake mgongoni. Vijana wa kiume walioteuliwa waliingia itorero, walikofunzwa vita, ngoma na ufasaha wa kusema. Jioni ilikuwa ya igitaramo, mazungumzo ya kuzunguka moto, yenye hadithi na vitendawili.

Tusiipake rangi enzi hiyo. Mtoto mkaidi alichapwa umunyafu, kijiti chembamba cha mti, na mafunzo ya itorero hayakuwa ya lelemama. Kinyarwanda kina methali za kumtetea mchapaji, kama Kiswahili kilivyo na "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe". Lakini lugha hiyohiyo ilihifadhi pia onyo ambalo nimelifanya kichwa cha insha hii: "Inkoni ivuna igufa ntivuna ingeso", fimbo huvunja mfupa, haivunji tabia. Jamii iliyotunga methali hiyo ilikuwa imekwisha kuijaribu fimbo na kuona mpaka wake.

Tofauti kubwa ilikuwa katika mazingira. Mtoto wa nyumbani alikuwa mmoja kati ya wachache, wa umri mbalimbali, akisemeshwa kwa lugha yake na mtu aliyemjua tangu kuzaliwa. Alipochapwa, alichapwa kwa alilotenda: kumwaga maziwa, kumtukana mkubwa, kuacha ndama waingie shambani mwa jirani. Hakuna aliyechapwa kwa kukosa jibu la kitendawili. Ukishindwa kutegua ulitoa zawadi ya mchezo, ukapewa jibu, watu wakacheka na kuendelea.

Nashawishika kusema kwamba utukutu wa darasani, kama tunavyoujua leo, ulizaliwa pamoja na darasa lenyewe. Kabla ya hapo hakukuwa na mahali ambapo watoto wengi wa rika moja walitakiwa kukaa kimya kwa saa kadhaa wakimtazama mtu mmoja.

Shule ya misheni na neno "kiboko"

Mapadri Weupe walifungua misheni yao ya kwanza nchini Rwanda huko Save mwaka 1900. Mwaka uliofuata, 1901, walifungua Nyundo, juu ya vilima vinavyoelekea Gisenyi. Shule zilianza mapema kando ya makanisa hayo, na katika vilima vya mbali alifundisha katekista, mara nyingi mtu ambaye mwenyewe alikuwa amesoma miaka michache tu. Huo ndio mwanzo wa hali ninayoizungumzia: mwalimu mmoja asiye na mafunzo makubwa, kundi kubwa la watoto, sala na herufi za kukariri kwa pamoja.

Nje ya shule, utawala ulikuwa na chombo chake cha kutuliza watu, na historia ya jina lake inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Katika Kiswahili kiboko ni mnyama wa majini, na kwa kuwa mjeledi mgumu ulikatwa kutoka ngozi yake, mjeledi ukaitwa kiboko vilevile. Mnyarwanda ana jina lake la mnyama huyo, imvubu. Hata hivyo mjeledi anauita ikiboko. Maana yake neno lilipokelewa likiwa limekwisha kuwa na maana ya kipigo, bila mnyama wake. Lilikuja na misafara, askari na karani wa serikali ya Wajerumani, ambao lugha yao ya kazi kutoka pwani hadi ziwa Kivu ilikuwa Kiswahili. Kote katika Afrika Mashariki ya Wajerumani "hamsa ishirini" likawa jina la adhabu: viboko 25, kipimo cha juu kilichoruhusiwa kwa mara moja. Lugha yetu tunayoitetea kama lugha ya umoja ilibeba mizigo mingi, na huu ni mmoja wao. Sioni sababu ya kuuficha.

Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916 kiboko hakikuondoka. Kilitumika katika akazi, kazi za lazima za barabara na mashamba. Chifu ambaye watu wake hawakutimiza kazi aliweza kuchapwa yeye, naye akawageukia waliokuwa chini yake. Hivyo kila ngazi ilijifunza kwamba mwenye mamlaka hutambulikana kwa kilicho mkononi mwake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Rwanda na Burundi zilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Baraza la Udhamini liliibana Ubelgiji juu ya adhabu hiyo, hadi ikaachwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni.

Shuleni hakukuwa na baraza la kumbana mwalimu. Kuanzia mkataba wa mwaka 1930 shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni kwa ruzuku ya serikali, na mwalimu alikuwa mtu wa heshima kilimani. Wazee wa kwetu wanaosimulia shule ya zamani hawasemi walichapwa kwa utukutu tu. Wanasimulia kuchapwa kwa kuchelewa, kwa kukosea katekisimu, kwa kukosa hesabu ya kuzidisha. Hapa ndipo naona badiliko kubwa. Fimbo iliyokuwa ya kosa ikawa ya kutojua. Ikawa na idadi: viboko viwili kwa kosa moja, vinne kwa makosa mawili. Umunyafu wa nyumbani haukuwa na hesabu. Hesabu ilitoka kwenye kiboko cha serikali.

Shule ya utii, 1962 hadi 1994

Uhuru wa Julai 1, 1962 ulibadilisha bendera na wakubwa, lakini ndani ya darasa mambo mengi yalibaki yalivyokuwa. Mageuzi ya miaka ya 1978 na 1979 yaliongeza elimu ya msingi kutoka miaka sita hadi minane, na madarasa ya chini yakasoma kwa zamu mbili: kundi moja asubuhi, jingine mchana, mwalimu yuleyule. Watoto wengi zaidi waliingia shule, na hilo lilikuwa jema. Ila mwalimu aliyechoka mchana aliingia darasa la pili akiwa na subira nusu. Mwaka 1991 elimu ya msingi ilirudishwa miaka sita, lakini mazoea ya zamu hayakusahauliwa.

Kuna jambo moja la kipindi hicho ambalo siwezi kuliruka, ingawa ni zito. Darasani mwalimu aliwasimamisha watoto kwa kabila: Wahutu simameni, Watutsi simameni. Walionusurika wameshuhudia hayo mara nyingi. Kuna watoto waliosimama na kundi lisilo lao kwa kuwa hawakujua wao ni nani. Mwalimu akawatuma nyumbani wakaulize. Kuna waliozomewa na wenzao. Darasa lilikuwa tulivu, likatii, na utii huo ulikuwa wa hatari.

Sidai kwamba kijiti cha mwalimu ndicho kilicholeta mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Sababu zake zinajulikana na ni nyingine: siasa ya ubaguzi iliyojengwa kwa miongo, propaganda, maandalizi ya viongozi. Ninachodai ni kidogo zaidi. Ukimya wa darasa hauthibitishi kwamba watoto wanalelewa vizuri. Darasa lililofunzwa kwamba amri haiulizwi hunyamaza mbele ya amri yoyote.

Mfano wa kinyume chake uko katika historia yetu. Usiku wa Machi 18, 1997 wapiganaji, abacengezi, waliingia shule ya sekondari ya Nyange wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa, wengine wakabaki na majeraha. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika daraja la Imena la mashujaa wa taifa. Kila Februari 1, siku ya mashujaa, tunawasifu watoto waliokataa amri. Kesho yake asubuhi tunaingia darasani na kumwadhibu aliyeuliza "kwa nini".

Baada ya 1994: watoto waliorudi

Shule za msingi zilipofunguliwa tena baada ya mauaji, walimu wengi walikuwa wameuawa, wengine wamekimbia, wengine wako gerezani. Somo la historia lilisimamishwa kwa miaka kadhaa. Gisenyi ilikuwa na hali yake ya pekee. Novemba 1996 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka kambi za Goma katika muda wa siku chache, wakipitia mji wetu. Kisha kati ya mwaka 1997 na 1998 vita vya abacengezi vikaitikisa kaskazini magharibi yote.

Fikiria darasa la miaka hiyo. Benchi moja lina yatima wa mauaji, mtoto aliyekulia kambini, mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1959 aliyezaliwa Uganda au Masisi, na mtoto ambaye baba yake yuko gerezani. Mmoja anajua Kifaransa kidogo, mwingine Kiingereza, mwingine Kiswahili. Kuna mtoto anayeruka mlango ukigongwa. Kuna anayelala hadi kengele. Kuna anayepigana kila siku wakati wa mapumziko. Mwalimu naye ana yake moyoni.

Kwa macho ya kiboko watoto hawa wote ni watukutu. Kwa macho mengine wengi wao walikuwa na msiba. Ni katika miaka hiyo neno ihahamuka, mshtuko wa moyo usiopona upesi, lilipoingia katika mazungumzo ya kila siku, na walimu wakaanza kufundishwa kwamba tabia ya mtoto huenda ikawa habari anayojaribu kutupa. Naona hilo ndilo badiliko kubwa la fikra katika historia yote hii, na lilitoka katika maumivu yetu wenyewe.

Sheria na majirani

Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kifungu cha 28 cha mkataba huo kinataka nidhamu ya shule ilingane na utu wa mtoto. Baada yake zikaja sheria za nchi kuhusu haki na ulinzi wa mtoto za mwaka 2001, 2011 na 2018. Hii ya mwisho inaadhibu kumpa mtoto adhabu kali au ya kumdhalilisha. Mwalimu wa leo anajua kwamba fimbo inaweza kumpeleka mahakamani.

Majirani zetu wanatufundisha kwamba sheria ni mwanzo tu wa kazi. Kenya ilipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001, na Katiba yake ya mwaka 2010 ikaimarisha marufuku hiyo. Lakini mwaka 2021, baada ya wimbi la mabweni kuchomwa moto, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, alitaka hadharani fimbo irudishwe. Tanzania bado inairuhusu kwa kanuni: idadi isizidi viboko vinne, mchapaji awe mwalimu mkuu au aliyeagizwa naye. Kanuni hizo hazikumwokoa mwanafunzi wa darasa la tano wa Bukoba aliyekufa Agosti 2018 baada ya kupigwa kwa tuhuma za kuiba mkoba wa mwalimu. Nchi moja ilifuta, nyingine ikahesabu, na katika zote mbili mwalimu aliachwa na darasa lilelile lenye watoto walewale.

Umati na lugha

Nirudi kwenye darasa langu la Rubavu. Mwaka 2003 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa, na zamu mbili zikapanuka. Watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuona ubao waliingia darasani. Mimi ni mmoja wa waliofaidika, kwa hiyo siwezi kuulaani umati ulionipokea. Serikali yenyewe iliuona mzigo, na mwaka 2020 ikaanzisha ujenzi wa vyumba vya madarasa 22,505 ili kupunguza msongamano na safari ndefu za watoto.

Umati una historia yake duniani pia. Mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule kule London ambapo mwalimu mmoja alisimamia mamia ya watoto maskini kwa kuwatumia wanafunzi wakubwa kama wasimamizi. Lancaster aliichukia fimbo, akaiondoa. Badala yake akabuni aibu: mtoto mkaidi alivishwa gogo shingoni au akaninginizwa ndani ya kikapu mbele ya wenzake. Nikisoma habari zake naona shule zetu. Fimbo ikizuiwa na umati ukabaki, mtoto hupigishwa magoti juu ya changarawe, hunyanyua mikono hadi ichoke, au jina lake huandikwa ubaoni na shefu wa darasa chini ya neno "kelele". Mwalimu anaapa kwamba hachapi, na anasema kweli.

Jambo la pili ni lugha. Oktoba 2008 iliamuliwa kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika ufundishaji. Baadaye Kinyarwanda kilirudishwa madarasa matatu ya chini, kisha mwishoni mwa mwaka 2019 ikaamuliwa Kiingereza kianze darasa la kwanza. Sababu zake zinaeleweka katika nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sina nia ya kuzibishia hapa. Naangalia matokeo yake kwa utulivu wa darasa tu. Mtoto asiyeelewa ana njia tatu: kulala, kucheza, au kumwuliza mwenzake. Njia ya tatu ndiyo ya mtoto anayetaka kujifunza, nayo ndiyo yenye sauti. Upande wa pili, mwalimu asiyekimudu vizuri Kiingereza huogopa swali ambalo hawezi kulijibu kwa lugha hiyo. Kwake ukimya ni ngao. Wawili hawa wasioelewana wakikutana, kijiti huwa ndiyo lugha pekee ambayo wote wanaifahamu.

Hapa Rubavu kuna zaidi. Watoto wetu huishi hatua chache kutoka mpakani, pale Petite Barrière, ambapo mama zao huvuka kila asubuhi na ndoo za mboga na maziwa. Kiswahili wanakisikia sokoni kabla ya kukisoma. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, lakini katika darasa langu kilikuwa kosa.

Tufanye nini?

Wapo watakaosema, "Sisi tulichapwa, na tazama, tumekuwa watu." Naheshimu usemi huo kwa kuwa wazazi wangu pia husema hivyo. Lakini waliochapwa wakaacha shule hawapo chuoni kutupa ushahidi wao.

Mwaka 1970 Mmarekani Jacob Kounin alichapisha utafiti alioufanya kwa kuwarekodi walimu wakiwa kazini. Alitarajia kuona kwamba walimu wenye madarasa matulivu wana namna bora ya kukemea. Hakuiona. Namna ya kukemea haikuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni yale waliyofanya kabla ya kosa: waliona kila pembe ya chumba na watoto wakajua kwamba wanaonwa, hawakuacha muda mtupu kati ya kazi moja na nyingine, waliwapa wote la kufanya. Kwa maneno yetu, walimu hao walizuia moto badala ya kujifunza kuuzima.

Ndugu wasomaji, najua Kounin hakufundisha watoto sitini zamu ya mchana. Ndiyo maana nilijaribu yaliyowezekana katika wiki zilizobaki za mazoezi yangu. Nilijifunza majina, mstari mmoja wa madawati kwa siku. Baada ya kila maelezo ya dakika kumi niliruhusu dakika mbili za kunong'ona, kila mtoto amweleze jirani yake kwa lugha yoyote wanayoelewana. Yule mvulana niliyemchapa nilimpa kazi hiyo rasmi: alikuwa mkalimani wa nyuma. Na darasa lilipochemka, badala ya kugonga meza kwa kijiti, nilisema "Sakwe sakwe!", nao wote wakaitika "Soma!" kama wanavyofanya nyumbani kwenye vitendawili, kama Waswahili wanavyosema "Kitendawili!" na kujibiwa "Tega!". Vinywa sitini vikisema neno moja, kinachofuata ni ukimya wa kungoja, kwa kuwa kila mtoto anataka kusikia kitendawili.

Sikufaulu kila siku. Kulikuwa na alasiri za mvua ambapo bati lilipiga kelele kuliko watoto, nami nikaliacha darasa limalizie kipindi kwa kuchora. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyewapiga wenzake hadi mwisho wa mazoezi, na sikupata muda wa kwenda kwao kujua kilichokuwa kikimsumbua. Mtoto kama huyo anahitaji zaidi ya mbinu za mwalimu mmoja. Anahitaji mzazi na jirani, na katika vijiji vyetu vikao vya umugoroba w'imiryango, jioni ya familia, vipo tayari kwa mazungumzo kama hayo. Mwalimu anaweza kuhudhuria, na si kungoja mzazi aitwe shuleni kama mshtakiwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kijiti cha mezani kina safari ndefu. Nyumbani kilikuwa umunyafu wa kosa. Kikakutana na kiboko cha serikali, kikapewa idadi, kikahamishwa kutoka kosa hadi kutojua, kikawekwa mkononi mwa mwalimu mmoja mbele ya umati asioweza kuzungumza nao kwa lugha yao. Sheria imekikataza, na ilifanya vyema. Lakini kila mwalimu mpya anayeingia darasa la watoto sitini atakikuta kikimngoja, au atakuta magoti na aibu mahali pake, mpaka tutakapogusa idadi, lugha na maandalizi ya mwalimu.

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana masikioni: adabu na adhabu. Mara nyingi tunayachanganya, na tukisema "kumtia mtoto adabu" tunamaanisha kumpiga. Yametoka mizizi tofauti. La kwanza ni la malezi, la pili ni la mateso. Sisi tutakaofundisha lugha hii tuanze kwa kuwafundisha watoto tofauti hiyo.

Yule mvulana sikumwomba radhi mbele ya darasa. Nilimwambia faraghani, siku ya mwisho, tukitembea kuelekea lango. Alinitazama kwa mshangao, kwani hakuwahi kumsikia mwalimu akisema amekosea. Ningeirudia siku ile, ningelisema mbele ya wote.